Nani Alikuwa Mteja wa Nani: Risala ya Madobi wa Kamba Ndefu kwa Mwenyekiti wa Chama cha Mawakili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Mawakili. Wajumbe mliofuatana naye. Majirani zetu wenye maduka. Na ninyi nyote mliosimama kwa sababu viti havikutosha:

Jirani yetu kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na lango letu, anadai kwamba asubuhi ile kesi ya mwenzetu Shangazi ilipoitwa mahakamani, wakili wa Shangazi alikuwa amejinyoosha kwenye kiti chake ananyolewa ndevu. Anadai joho alikuwa amelikunja vizuri na kuliweka mapajani, chini ya taulo, lisiingie nywele. Anadai alimwuliza, "Mheshimiwa, leo huna mahakama?" na wakili akamjibu huku amefumba macho, "Ninayo. Lakini ni ile ya dobi, haina mbio." Kisha akaomba apunguziwe na pembeni.

Sisi hatukuwepo. Kinyozi ni mtu wa maneno, na kila akisimulia huongeza kidogo. Mara ya kwanza zilikuwa ndevu tu, baadaye zikawa ndevu na kichwa, na siku hizi kuna hata kikombe cha chai pembeni. Kwa hiyo hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tunasema ndivyo anavyodai, na kwamba mpaka leo hakuna mwingine aliyetupa maelezo tofauti.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu uani kwetu. Tunaomba radhi kwa kukuinamisha chini ya mashuka ulipoingia. Tulikusudia kuyaanua kabla hujafika, lakini zahanati inayahitaji jioni, na jua la hapa ni la mchana tu, linapopata nafasi kati ya ukuta wa fundi cherehani na ukuta wa ghala. Kamba unayoiona juu yako, inayotoka kwenye msumari wa fundi cherehani hadi kwenye nguzo ya ghala, ndiyo iliyotupa jina. Haina sifa nyingine zaidi ya urefu.

Tunawakaribisha pia mawakili mliofuatana na mgeni rasmi. Tumeona kola kadhaa za mashati tunazozifahamu. Tumefurahi kuona zinatunzwa.

Afisa wa chama chenu alifika juzi kutuandaa. Ni kijana mstaarabu, alivua viatu akavishika mkononi asije akatukanyagia maji ya sabuni. Alituomba risala iwe fupi, iwe na shukrani mwanzoni na mwishoni, na isiguse lile shauri la Shangazi.

"Si mahali pake," alisema.

"Mahali pake ni wapi, mwanangu?" akauliza Mama Pacha, ambaye ndiye mwenyekiti wetu.

"Kwenye kamati ya chama."

"Kamati si ilishamaliza?"

"Ndiyo, mama. Ilimaliza."

"Haya. Sasa kwenye changamoto tuandike nini?"

Afisa akatazama huku na huku, akaona ndoo zimepangwa foleni bombani. "Andikeni maji," akasema.

Mgeni rasmi, maji tumeyaandika. Utayakuta mbele.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulianzia chumba cha kufulia cha hoteli. Kilikuwa chini ya jengo, hakina dirisha, na mvuke wake ulikuwa haupungui hata siku ya mapumziko. Mtu akikuita kutoka upande wa pili ulimjua kwa sauti, si kwa sura. Katikati kulikuwa na mashine ya kunyooshea mashuka, yenye roli mbili za moto zinazozunguka zimebanana. Unalilisha shuka huku, linatokea kule limenyooka kama karatasi. Mbele ya roli palikuwa na kinga ya chuma, ya kuzuia mikono. Msimamizi aliifungua kinga ile akaiegemeza ukutani, kwa sababu mashuka yalikuwa yanakwama na vyumba vilikuwa vimejaa.

Anayelisha mashuka siku hiyo alikuwa Shangazi. Kwa umri wake anaweza kuwa mama wa wengi wetu, lakini tangu tumjue anaitwa Shangazi, na anaitika. Shuka lilikunjika ncha, akanyoosha mkono kuiweka sawa, roli zikavuta shuka na mkono wa kulia ukafuata. Mama Pacha ndiye aliyefikia swichi.

Hoteli ilimfunga bandeji na kumwambia akapumzike kidogo. Amepumzika mpaka leo.

Mkono ulipopona ulipona vibaya. Ngozi ya kiganja ilijivuta, na vidole vikajikunja ndani kama vya mtu aliyeshika yai na anaogopa kulivunja. Hauwezi kukamua, hauwezi kushika pasi. Baada ya hapo tukatoka hotelini mmoja mmoja, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa hofu ya ile mashine, tukakutana tena hapa uani. Shangazi alikuja nasi. Kazi yake ni kubana vibanio kwa mkono wa kushoto, kupokea nguo, na kuzungumza na wateja, maana ana ulimi mtamu kuliko sisi sote.

Wakili tunayemsema alikuwa mmoja wa wateja hao. Alikuwa akileta majoho, mashati, na zile kola za mahakamani zenye vitambaa viwili vinavyoning'inia, ambazo zisipotiwa wanga vizuri hulegea kama masikio ya mbwa. Siku moja akauona mkono.

"Shangazi, huo mkono vipi?"

"Ni hoteli hiyo, mwanangu. Mashine."

"Na hawakukulipa?"

"Walinipa pole."

Wakili akaugeuza mkono huku na huku, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Hii ni kesi," akasema. "Tena kesi nyeupe, haina doa."

"Hela ya wakili naitoa wapi mimi?"

"Nani kakuomba hela, Shangazi? Wewe nifulie majoho yangu mpaka kesi iishe. Ikiisha, tumemalizana."

Wakapeana mikono. Shangazi akamwomba radhi kwa kumpa wa kushoto.

Mgeni rasmi, tunaomba hapo pasikike vizuri. Alisema mpaka kesi iishe. Sisi hatukuona neno lolote baya ndani yake wakati ule, na kwa kuwa Shangazi hawezi kufua, tulifua sisi kwa zamu. Yeye alibana vibanio tu. Basi kesi ikawa inaahirishwa, na majoho yakawa yanachafuka. Tukimwuliza wakili, anasema hakimu anaumwa. Mara nyingine faili limekwenda kwingine. Mara nyingine upande wa pili umeomba muda, na yeye kwa ubinadamu akawapa. Aliyasema haya kwa upole huku akihesabu mashati yake, kisha anaondoka na fungu lake safi kwapani. Mama Pacha ndiye wa kwanza kusema, tena kwa utani, "Jamani, huyu kesi ikiisha atafuliwa na nani?" Tulicheka. Shangazi hakucheka. Alisema tusimseme vibaya mwenye nguo.

TULIYOFANIKIWA

Tumefanikiwa kupata kazi ya kudumu ya mashuka ya zahanati na sare za shule mbili. Tumefanikiwa kutopoteza nguo ya mtu, ukiacha soksi, ambazo hazina dobi duniani anayeziweza. Tumejifunza kutoa wino kwenye mfuko wa shati bila kuharibu rangi. Tumejenga kibanda cha kupigia pasi ambacho hakivuji isipokuwa kwenye kona, na kwenye kona hatuweki kitu.

Tumefanikiwa pia kujua kesi ya Shangazi iliishia wapi, ingawa si kwa kuambiwa na wakili.

Ilikuwa hivi. Wakili alituma ujumbe kwamba kola zake zinahitajika mahakamani asubuhi hiyo hiyo. Shangazi akazifunga kwenye gazeti, akasema atazipeleka mwenyewe, maana na yeye ana kesi hapo na huenda akaiulizia. Alivaa kitenge chake kizuri. Mahakamani alimkuta karani mlangoni anaita majina, akasubiri amalize, akamsogelea.

"Mwanangu, na yangu inaitwa saa ngapi?"

Karani akauliza jina, akauliza na hoteli, akaingia ndani akarudi. "Mama, hii ilifutwa. Zamani."

"Ilifutwa na nani?"

"Na mahakama. Iliitwa, wakili wako hakutokea."

"Wakili wangu?" Shangazi akasema. "Wakili wangu si yumo humo ndani? Nimemletea kola."

Karani akachungulia, akamwona wakili mstari wa mbele na mafaili ya mtu mwingine. Shangazi akamwuliza kama inaweza kuitwa tena, akajibiwa kwamba ingewezekana kama ombi lingeletwa mapema, lakini ule muda ulishapita, na muda wa kuidai hoteli upya nao ulishapita.

Basi Shangazi akasimama pale kwenye ukumbi wa mahakama akiwa na kifurushi chake cha gazeti. Angeweza kukitupa. Mama Pacha anasema angekuwa yeye angekipasulia hapo hapo. Shangazi alisubiri wakili atoke, akampa kola, na wakili akasema, "Ahsante, Shangazi, umeniokoa." Tulipomwuliza baadaye kwa nini alimpa, alisema kola hazikuwa zake yeye kuzizuia. Zilikuwa zimeshafuliwa.

Haya tumeyaweka kwenye mafanikio kwa sababu afisa alituomba changamoto ziwe chache.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni maji. Bomba letu ni moja na tunachangia na fundi cherehani na mama wa duka la vyombo. Siku za presha ndogo huwa tunaanza kusuuza wakati wengine wanakwenda kupumzika. Tangi mlilotuletea leo litasaidia sana, na tunashukuru kwa dhati. Changamoto ya maji inaishia hapo.

Changamoto ya pili, mgeni rasmi, ni neno moja.

Wakili yule baadaye aliondolewa kwenye orodha ya mawakili. Hilo lilifanywa na chama chako, na tunalisema kwa heshima. Si kwa ajili yetu. Alikuwa amewafanyia wengine vivyo hivyo, wakiwemo muuza magodoro wa barabara ya pili na mwalimu mmoja mjane. Tukasikia kwamba chama kina Mfuko wa Fidia, unaowalipa wateja waliodhuriwa na makosa ya mawakili wao. Muuza magodoro alilipwa. Mwalimu alilipwa. Tukasema basi, na Shangazi atalipwa, kwa kuwa yake ni nyeupe, haina doa, kama wakili mwenyewe alivyosema.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa ameshauona mkono. Alisema ngozi ile inaweza kufunguliwa na vidole vikanyooka, si vyote, lakini vya kutosha kushika kitu. Alisema pia kwamba mkono unavyozidi kukaa ndivyo unavyozidi kujifunga, na iko siku atakapoutazama na kusema sasa basi. Hicho ndicho Shangazi alichokuwa akikitafuta kwenye Mfuko. Hakutafuta kingine. Tulimtania kwamba akilipwa atanunua hereni, akasema, "Hereni nitazivaaje, nani atanishikia kioo?"

Siku ya kamati ya Mfuko tulimsindikiza wawili, Mama Pacha na mmoja wetu. Tukaambiwa anaingia mlalamikaji peke yake. Tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya picha za wenyeviti waliopita. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, kwa hiyo sauti tulizisikia, na tunachosoma hapa ni tulichokisikia.

"Mama, huyu mlalamikiwa unamfahamu?" iliuliza sauti ya mwanaume.

"Namfahamu sana, baba."

"Unamfahamu vipi?"

"Ni mteja wangu."

"Mteja wako?"

"Mteja wangu wa siku nyingi. Tena mteja mzuri, hana usumbufu. Nguo zake analeta kwa wakati."

Benchini Mama Pacha alimshika mwenzake goti akaminya, lakini mlango ule haukuwa wetu kuufungua.

"Ulimlipa ada ya uwakili?"

"Hapana, baba. Hakutaka hela."

"Una stakabadhi yoyote?"

"Ya nini tena, na hela hakutaka?"

Mgeni rasmi, wewe hukuwepo siku hiyo na hatukulaumu. Hata waliokuwepo hatuwalaumu sana, maana waliuliza na wakajibiwa. Tunaomba tu tueleze jambo ambalo pengine huko ofisini halijulikani. Dobi hamsemi vibaya mwenye nguo mbele ya watu. Sisi tunajua nani kakojoa kitandani na yeye ni mtu mzima. Tunajua shati la nani limerudi na rangi ya mdomo ambayo si ya mkewe. Tukianza kusema, hakuna atakayetuletea hata leso. Ndiyo maana anayefunzwa kazi hapa, kabla hajaonyeshwa wanga unavyokorogwa, huambiwa hilo. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya wageni wenye suti, ameulizwa habari za mtu anayemfulia, akajibu kama dobi. Alimpa heshima ambayo humpa kila mwenye nguo. Alitoka nje anatabasamu.

"Wameniuliza vizuri," akatuambia, "na mimi nimewajibu vizuri."

Tulipokwenda kuulizia uamuzi, karani wa Mfuko alitusomea dirishani. Maombi yamekataliwa. Hakuna ushahidi kwamba kulikuwa na uhusiano wa wakili na mteja. Hakuna ada iliyolipwa. Na mlalamikaji mwenyewe, kwa kinywa chake, ameieleza kamati kwamba mlalamikiwa ndiye aliyekuwa mteja wake.

"Si nilimfulia?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana."

"Na yeye si alinisimamia kesi?"

"Hilo ndilo halijathibitika. Mfuko huu unalipa wateja wa mawakili, mama. Mawakili waliokuwa wateja wa madobi, labda kuna mfuko mwingine."

Alisema kwa utani, na hakuwa mtu mbaya. Shangazi akaweka ule mkono wake kwenye ukingo wa dirisha, ukakaa hapo umejikunja, wote tukiutazama na karani pia akiutazama.

"Sasa mimi nilikuwa nani?" akauliza.

Karani akarudi kwenye karatasi. "Kwa maelezo yako, mama, ulikuwa mtoa huduma."

Tangu siku hiyo Shangazi halitamki neno mteja. Akipokea nguo anasema mwenye shati kaja, mwenye mashuka kaondoka. Mmoja wetu akijisahau na kulisema, Shangazi hujifanya anatafuta kibanio. Anasema ni ulimi wake uliomponza na wala hana wa kumlaumu, na sisi tukimwambia si kosa lake, anatuambia tuangalie maji yasifurike. Anawapokea watu kwa ulimi uleule mtamu, lakini sasa kabla ya kujibu swali lolote, hata la bei ya kufuliwa blanketi, hukaa kidogo kwanza. Watu wanadhani amekuwa kiziwi.

Mkono nao tunauona. Zamani kidole gumba kilikuwa na nafasi ya kuingiza kibanio. Sasa hakiingii.

Kuhusu ada, tunapenda kusema kwamba ililipwa. Ililipwa na sisi sote, kwa zamu, kwenye makarai haya unayoyaona. Kama kamati ingetuita tungesema. Majoho yale ni mazito, yakilowa unayabeba kama mtoto aliyelala. Moja bado lipo kibandani, alilileta kufuliwa na hakurudi. Tumelifua. Halina pa kwenda.

SHUKRANI KWA ZAWADI

Afisa alituomba shukrani ziwe na sehemu yake, na hii ndiyo. Tunashukuru kwa tangi. Tunashukuru kwa pasi za umeme, ambazo ni nyepesi kuliko zetu na zina waya mrefu. Tutazitumia, na hatutazikodisha kama afisa alivyohofia.

Ila kwenye gari la matangazo lililopita asubuhi tumesikia likisema kwamba Chama cha Mawakili leo kinawafidia madobi. Pengine ni mtangazaji tu aliyekosea. Tunaomba asahihishwe. Msaada anaweza kupewa yeyote, hata asiyekuwa na shida. Fidia anapewa aliyedhurika, na hupewa kwa sababu fulani inayotajwa. Sisi wengine hapa hatukudhurika na wakili, tulichoka tu. Aliyedhurika ni mmoja, na katika zawadi zote zilizoshushwa leo, hakuna anayoweza kuishika.

MAOMBI

Risala nyingi huwa na maombi mengi. Tulikaa tukaandika mengi: barabara ya kuingilia, taa ya lango, bomba la pili. Tukayafuta yote, kwa kuwa mgeni akiombwa mengi hutoa lile jepesi.

Tulipombana sana, afisa alitueleza kwamba kamati inaweza kufungua shauri lililokwisha, endapo Mwenyekiti wa chama ataona kwamba mlalamikaji hakueleweka na akaagiza asikilizwe upya. Alisema si jambo la kawaida. Hakusema haliwezekani.

Baada ya kusikia hivyo, Shangazi alianza kujifunza. Mama Pacha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifunga taulo jeusi mabegani, akajikohoza kama mheshimiwa.

"Mama, huyu bwana unamfahamu vipi?"

"Ni mte..." Shangazi akajishika mdomo. Tukacheka mpaka fundi cherehani akachungulia.

"Tena, mama. Unamfahamu vipi?"

"Ni mwenye majoho."

"Shangazi! Hata hayo majoho yaache!"

Ilichukua muda. Lile neno ni kama mazoea ya mguu, unajikuta umeshapita njia ile ile. Lakini sasa jibu analo. Amelisema akibana mashuka, amelisema akikoroga wanga, na jana tulimsikia akilisema peke yake nyuma ya kibanda, polepole, neno kwa neno, mara nyingi, na mwisho wake kila mara akinyamaza kidogo, kama anayesubiri swali la pili.

Mgeni rasmi, jibu hilo hatutalisoma sisi. Tulitaka kuliandika hapa na Shangazi akakataa. Alisema safari ile alijibu mwenyewe, na safari hii pia atajibu mwenyewe, ila aulizwe. Yuko benchi la mbele, upande wako wa kushoto, mwenye kitenge cha kijani. Kwa mujibu wa ratiba, baada ya risala hii unakwenda kukata utepe kwenye tangi. Tunaomba utepe usubiri. Uzima uwe nawe na nyumba yako, kazi yako iwe nyepesi, na mikono yako yote miwili ibaki salama.

Sisi tumemaliza, na tunanyamaza ili upate nafasi. Swali lenyewe unalijua: wakili yule, Shangazi anamfahamu vipi? Tunaomba umwulize.

Ni sisi,
Umoja wa Madobi wa Kamba Ndefu.